SOMO LA WAFANYAKAZI: CHAMA HUPOTEZA WATU WAKE KABLA YA SIKU YA KURA



Somo letu la safari hii linahusu jambo ambalo wengi wetu tunalizungumza kwa sauti ya chini, kwenye kituo cha basi, sokoni, au tunapongoja mshahara mwisho wa mwezi. Ni habari ya mtu aliyekipenda chama chake cha siasa kwa miaka mingi, akakichagua kila mara, na sasa uchaguzi unakaribia naye hana moyo tena. Hajahamia upande mwingine. Hajarudisha kadi. Lakini ndani yake kuna kitu kimekatika.

Uchaguzi wa rais katika nchi yetu unatazamiwa mwaka 2027. Ni vizuri tujifunze mapema, kabla ngoma za kampeni hazijaanza kulia. Hatuandiki somo hili kumpigia mtu debe. Miongoni mwetu wamo wanachama wa vyama mbalimbali na wamo wasio na chama, na wote wanalipa mchango ule ule.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Katika somo hili tukisema "chama", tunataka kusema chama cha siasa. Chama cha wafanyakazi tutakiita "sendika", kama tunavyosema hapa Bujumbura.

1. MPIGA KURA TUNAYEMZUNGUMZIA

Katika kila nchi kuna mpiga kura anayependa mambo yakae yalivyo. Anaheshimu wazee, anaheshimu dini, anaogopa fujo. Alichaguliwa chama na baba yake, naye akakirithi kama shamba. Akisikia maneno ya mageuzi, anauliza: mageuzi yatanipa nini ambacho sina, na yatanichukulia nini nilicho nacho? Tusimcheke mtu huyu. Mara nyingi ni mtu mwaminifu, mchapa kazi, na woga wake una sababu.

Viongozi wa chama humpenda sana, kwa sababu hasumbui. Haulizi maswali mkutanoni. Anapiga makofi na kwenda nyumbani. Na kwa sababu hasumbui, humsahau. Wanakimbilia wale wanaopiga kelele, wanawapa vyeo, wanawabembeleza. Huyu mtulivu wanamweka kwenye hesabu kama pesa iliyo tayari mfukoni.

Siku moja wanatia mkono mfukoni na kukuta tundu.

Hapa kwetu jambo hili lilitokea waziwazi mwaka 1993. Lakini ili tulielewe, lazima turudi nyuma.

2. CHAMA KILICHOPENDWA

UPRONA kilianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliyekikuza ni Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Kabla ya hotuba kubwa za siasa, Rwagasore alishughulika na ushirika wa wafanyabiashara Waafrika hapa Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa wakati huo. Alianza na mambo yanayogusa mfuko na chungu.

Chama hicho kilikuwa na nguvu kwa sababu kiliunganisha watu wa aina mbili. Vijana wa mjini walikipenda kwa kuwa kilidai uhuru upesi. Wazee wa milimani walikipenda kwa kuwa kilisimama na Mwami. Anayetaka mapya na anayeshika ya zamani walikaa chini ya mti mmoja. Wabelgiji walipendelea chama kingine, PDC, na Rwagasore aliwekwa kizuizini wakati wa uchaguzi wa komine mwaka 1960. Hata hivyo, tarehe 18 Septemba 1961, UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64 vya bunge. Wahutu, Watutsi na Waganwa walikipigia kura pamoja.

Baada ya ushindi huo Rwagasore aliwaambia wananchi wawahukumu viongozi wao kwa matendo. Neno hilo tulishike, kwa maana ndilo mzani wa somo hili. Tarehe 13 Oktoba 1961 aliuawa kwa risasi hapa mjini. Uhuru ulipokuja tarehe 1 Julai 1962, aliyeupigania hakuuona.

3. UFA ULIVYOINGIA

Nyumba haianguki siku moja. Tutazame nyufa tatu.

Ufa wa kwanza ni ugomvi wa warithi. Baada ya kifo cha Rwagasore viongozi wa UPRONA waligawanyika katika makundi mawili, Casablanca na Monrovia, na mgawanyiko huo ukazidi kufuata kabila. Sisi wa sendika tunayo sababu yetu ya kukumbuka Januari 1962: vijana wa chama walivamia Kamenge, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo viongozi wa sendika za Kikristo. Tarehe 15 Januari 1965 Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, baada ya jaribio la kupindua serikali, viongozi wengi Wahutu waliuawa, wakiwemo wabunge. Kisha likaja balaa la mwaka 1972, ambapo Wahutu waliosoma, walimu, wanafunzi, makarani na wafanyakazi, walisombwa na hawakurudi. Wanahistoria wengi wanakadiria waliokufa kuwa laki moja au zaidi. Mjane wa mwaka 1972 aliendelea kuhesabiwa kuwa mwanachama wa UPRONA, kwa sababu chama kingine hakikuwapo.

Ufa wa pili ni chama kuwa kimoja peke yake. Novemba 1966 UPRONA kilifanywa chama pekee, na tarehe 28 ya mwezi ule Micombero akauondoa ufalme. Fikirini wale wazee waliokipenda chama kwa ajili ya Mwami. Mwami ameondoka, chama kimebaki, nao wamebaki ndani yake kama mtu aliyefungiwa mlango. Mwaka 1967 sendika nazo zilikusanywa katika UTB, na UTB ikawa tawi la chama. Mfanyakazi akiwa na shida na mkubwa wake wa kazi, alikwenda sendika. Sendika ilikuwa ndani ya chama. Chama kilikuwa ndani ya serikali. Na serikali ndiyo iliyokuwa mwajiri mkubwa kuliko wote. Kwa hiyo malalamiko yalizunguka na kurudi mezani kwa yule yule aliyelalamikiwa.

Ufa wa tatu uliwagusa watu wa dini. Katika miaka ya 1980, chini ya Bagaza, serikali iligombana na Kanisa. Wamisionari wengi wa kigeni walifukuzwa, misa za siku za kazi zilikatazwa, na seminari zikachukuliwa na serikali. Mkulima wa kilimani aliyekuwa hajawahi kusema neno baya juu ya serikali sasa alikatazwa kwenda misa siku ya Jumatano. Yeye hakuwa mpinzani. Alikuwa mtu wa kawaida, mshika desturi, na chama chake mwenyewe kiligusa kitu alichokithamini kuliko chama. Buyoya alipochukua madaraka tarehe 3 Septemba 1987, moja ya mambo yaliyowapoza watu ni kuondoa makatazo hayo. Lakini jeraha likipona huacha kovu.

Katika miaka yote hiyo, ungeuliza hesabu, ungeambiwa chama kina afya nzuri. Mwaka 1984 Bagaza alisimama peke yake na kupata zaidi ya asilimia 99. Ukimya wa watu ulihesabiwa kuwa ni kukubali kwao.

4. JUNI 1993

Baada ya mauaji ya Ntega na Marangara ya Agosti 1988, serikali ya Buyoya ilianza kurekebisha mambo. Oktoba 1988 Mhutu, Adrien Sibomana, alifanywa waziri mkuu. Februari 1991 wananchi walipigia kura Mkataba wa Umoja, na karibu asilimia 89 walisema ndiyo. Machi 1992 waliikubali katiba ya vyama vingi kwa karibu asilimia 90. FRODEBU cha Melchior Ndadaye kikapata ruhusa ya kufanya kazi waziwazi.

Hapo ndipo UPRONA kilipokosea hesabu. Mwananchi aliposema ndiyo kwa umoja, viongozi walisikia ndiyo kwa chama. Aliposema ndiyo kwa katiba inayomruhusu kuchagua, wakadhani amekwisha kuwachagua wao. Mikutano ya kampeni ilijaa watu, na kadi zilikuwa nyingi. Lakini kadi ilikuwa mkononi, na moyo ulikuwa kwingine.

Tarehe 1 Juni 1993 Ndadaye alipata karibu asilimia 65, na Buyoya karibu asilimia 33. Waliokwenda kupiga kura walikuwa zaidi ya asilimia 95 ya walioandikishwa. Tarehe 29 Juni, katika uchaguzi wa bunge, FRODEBU kilipata viti 65 kati ya 81, na UPRONA viti 16, kwa asilimia 21 hivi ya kura.

Wafanyakazi, tazameni tena tarakimu hizo mbili, 33 na 21. Ni kweli kwamba mara ya pili waliokwenda kupiga kura walipungua. Ni kweli pia kwamba walikuwapo waliompenda Buyoya mwenyewe bila kukipenda chama chake. Lakini hayo nayo ndiyo somo: katika wiki nne tu, hata miongoni mwa waliobaki, wengi hawakuona sababu ya kuamka asubuhi kwa ajili ya UPRONA.

5. "ILIKUWA KURA YA KABILA TU"

Wako wanaotujibu: msitusumbue na habari za kuvunjika moyo, ile ilikuwa hesabu ya makabila. Maneno hayo yalisemwa Juni ile ile, na maandamano yalifanyika hapa Bujumbura.

Hatusemi kwamba kabila halikuwamo. Mtu aliyepoteza baba mwaka 1972 kwa sababu ya kabila lake hawezi kuambiwa asahau anapoingia katika chumba cha kura. Lakini tuulize swali moja. Mwaka 1961 makabila yalikuwa yale yale, na uwiano wake karibu ule ule. Mbona UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64? Kilichobadilika katika miaka 32 ni matendo ya chama. Chama kilichokuwa cha wote kilionekana kuwa cha wachache, na rekebisho la miaka mitano halikutosha kufuta kazi ya miaka 25. Anayesema "ni kabila tu" anajisamehe kazi ya kujichunguza.

Na kutojichunguza kulitugharimu sote. Buyoya mwenyewe alikubali matokeo, na Ndadaye akaapishwa tarehe 10 Julai 1993. Wengine katika jeshi hawakukubali. Tarehe 21 Oktoba 1993 Ndadaye aliuawa. Watutsi wengi wakauawa milimani, Wahutu wengi wakauawa, na vita vilivyofuata vilichukua watu wanaokadiriwa kuwa 300,000. Sisi wafanyakazi tulilipa bei kubwa. Mitaa ya mji iligawanywa, mtu wa Kamenge akaogopa kupita Ngagara, na wa Musaga akaogopa kupita Kinama. Mwaka 1994 na 1995 zilikuwapo siku za kuufunga mji kwa nguvu, na anayekwenda kazini alihatarisha maisha yake. Kuanzia Julai 1996 nchi jirani zilitufungia biashara, na bei ya vitu ikapanda huku mshahara umelala pale pale.

UPRONA nacho hakikurudi kama zamani. Kiligawanyika tena na tena, na mwaka 2014 ugomvi wa uongozi wake ulifika hadi serikalini. Katika uchaguzi wa bunge wa Juni 2025, CNDD-FDD kilitangazwa kupata zaidi ya asilimia 96 na viti vyote 100 vya kuchaguliwa. Wapinzani walilalamika kwamba uchaguzi haukuwa wa haki. UPRONA hakikufika asilimia 2. Na kwa mshindi wa leo tunasema hivi: asilimia kubwa si dawa. Waliopata 99 mwaka 1984 walikuwa na kubwa zaidi.

6. MAJIRANI NA WENGINE

Jambo hili si la Burundi peke yake.

Zambia, chama cha UNIP kilitawala tangu uhuru wa 1964. Tarehe 31 Oktoba 1991 Kaunda alishindwa na Frederick Chiluba, ambaye alikuwa kiongozi wa shirikisho la sendika za nchi ile. Chiluba alipata karibu robo tatu ya kura. Wachimba shaba wengi, waliokuwa watu wa UNIP tangu ujana wao, walimfuata mwenzao wa sendika. Kaunda aliondoka kwa amani, na kwa hilo tunampa heshima yake. Lakini serikali mpya iliuza migodi, na maelfu ya wachimbaji wakapoteza kazi. Kumbe kumwacha mzee wako ni hatua moja, na kumchunguza unayemfuata ni hatua nyingine.

Kenya, KANU kilitawala tangu 1963. Mwaka 2002 Moi alimchagua mwenyewe mtu wa kumrithi, na wakubwa wengi wa chama wakatoka kwa hasira. Tarehe 27 Desemba Kibaki alipata asilimia 62, na Uhuru Kenyatta wa KANU asilimia 31. Wanachama waliona wameletewa chakula kilichokwisha kupikwa, na hawakuulizwa hata chumvi.

Hata Uingereza, ambako chama cha Conservative ndicho hasa cha watu wanaoshika ya zamani, kilishuka kutoka viti 365 mwaka 2019 hadi 121 mwaka 2024. Wapiga kura wake wengine walikwenda kushoto, wengine kulia zaidi, na wengine walikaa nyumbani. Chama kilicholala usingizi juu ya uaminifu wa watu wake huchekwa Ulaya kama Afrika.

7. MTU ALIYEVUNJIKA MOYO AFANYE NINI?

Tunaona njia nne.

Njia ya kwanza ni kunyamaza na kuendelea kupiga kura kwa mazoea. Ni rahisi, lakini inakidanganya chama. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayempigia kiongozi makofi ya uongo anamsukuma shimoni.

Njia ya pili ni kukaa nyumbani siku ya kura. Mtu anayefanya hivyo anadhani ametoa adhabu. Lakini karatasi ambayo haikutumika haisemi sababu yake. Hakuna anayejua kama ulikasirika au ulikuwa mgonjwa.

Njia ya tatu ni kuhama. Hiyo ni haki ya mtu, na hakuna anayepaswa kumtisha kwa ajili yake. Ila anayehama kwa hasira tu, bila kuuliza mpango wa mishahara, wa bei ya mchele na mafuta, wa pensheni, huenda akahama kutoka nyumba inayovuja hadi nyumba isiyo na paa.

Njia ya nne ni kusema mapema, ndani ya chama, kwa adabu na bila kuficha. Kusema kwenye mkutano wa mtaa: ndugu viongozi, jambo hili limetuumiza. Njia hii ni ngumu kuliko zote. Inataka watu wawili au watatu wasimame pamoja, kwa sababu mmoja ataitwa msaliti. Tunajua vilevile kwamba kuna wakati na mahali ambapo kusema hivyo ni hatari, na hatutamlaumu mtu anayelinda watoto wake. Lakini pale ambapo nafasi ipo, hata ndogo, tuitumie. Kama waliokuwa ndani ya UPRONA wangesikilizwa miaka kumi mapema, huenda Juni 1993 ingekuwa uchaguzi wa kawaida, wa mshindi na mshindwa, bila hofu iliyozaa Oktoba.

8. KAZI YA SENDIKA

Sendika haina haja ya kumwambia mwanachama wake ampigie nani kura. Historia ya UTB imetufundisha kwamba sendika iliyo mfukoni mwa chama haiwezi kumsaidia mfanyakazi, na haiwezi hata kukisaidia chama chenyewe, kwa kuwa haikiambii ukweli.

Kazi yetu ni tatu. Kwanza, tuandike madai yetu kabla ya kampeni na tuwape vyama vyote karatasi moja, yenye maneno yale yale. Pili, tulinde mahali pa kazi. Mtu asifukuzwe, asinyimwe kupandishwa cheo, asitukanwe kwa ajili ya kadi yake au kwa kukosa kadi. Tatu, siku ya matokeo, tuwe wa kwanza kuwaambia watu waende kazini kesho yake pamoja, aliyeshinda na aliyeshindwa katika basi moja.

Chama cha siasa kinaweza kushindwa leo na kushinda kesho. Jirani aliyekufa harudi kwa uchaguzi wa pili.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini wingi wa watu katika mkutano wa kampeni si kipimo cha kupendwa kwa chama?

2. Mwaka 1961 UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64. Mwaka 1993 kilipata 16 kati ya 81. Tajeni mambo matatu yaliyoleta tofauti hiyo.

3. Wachimbaji wa Zambia walimfuata kiongozi aliyetoka katika sendika. Walisahau kumuuliza nini?

4. Mahali penu pa kazi, je, mtu anaweza kusema wazi kwamba amevunjika moyo na chama chake? Kama hawezi, sendika ifanye nini?

5. Andikeni madai matano ya wafanyakazi ambayo kila chama kitapewa kabla ya 2027. Yaleteni kwa katibu wa tawi lenu.

Someni somo hili kwa sauti kwa ajili ya wenzetu wasiojua kusoma, kisha mpeni mwingine karatasi hii. Umoja wa wafanyakazi uzidi.